Usimpumzishe Bibi Yako

Igogo, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na pesa zimefika, wabeja. Nimeona nisikujibu kwa simu, maana kwenye simu mimi na wewe huishia kukatana maneno, na jambo hili nataka ulisome ukiwa umetulia.

Unasema umepata kiti mwendo kwa bei nzuri pale Kariakoo na utakipakia kwenye basi. Unasema tutafute binti wa kazi ili bibi asiguse kitu. Tena unasema ikiwezekana ahamie kwako Dar es Salaam, kwenye nyumba isiyo na ngazi hata moja, akapumzike, kwa kuwa amefanya kazi za kutosha maishani. Najua yote hayo yametoka moyoni. Wewe ndiye mjukuu aliyebebwa mgongoni kupanda mawe haya, na unataka kurudisha fadhila. Lakini nakujibu kama shangazi yako, na kama muuguzi niliyefanya kazi wodi ya mifupa hadi nikastaafu: kiti, binti na nyumba tambarare, vikija vyote kwa mpigo, vitaimaliza miguu ya bibi yako upesi kuliko miaka yake 81 ilivyoweza.

Kumbuka alivyokuwa kabla ya ile nimonia ya mwezi wa nne. Siku tulipompeleka hospitali alishuka ngazi zote mwenyewe, mkono mmoja begani kwangu, mwingine kwenye fimbo, huku akiwasalimu watu milangoni kwao. Dawa zilifanya kazi yake na mapafu yakapona. Aliporudi, alipandishwa na vijana wawili wa jirani wakiwa wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki. Na hapa nyumbani kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia neno lile lile: lala bibi, usijisumbue. Chai ikawa ya kitandani, uji kitandani, beseni la kunawa kitandani, mpaka poti. Wote walikuwa wanampenda, na siku zilivyokwenda nyama ya mapaja ikawa inayeyuka chini ya shuka.

Mwaka 2007 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Marekani waliowaomba wazee wenye afya njema, wastani wa umri wao miaka 67, walale kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa na homa wala jeraha, na chakula walipewa. Siku zilipokwisha walikuwa wamepoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu, na nguvu yao ya kunyoosha goti ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 16. Hao ni watu wazima wa afya. Sasa mchukue mwenye miaka 81, mwenye homa, asiyemaliza hata nusu bakuli ya uji, umlaze muda kama huo halafu umwongezee wiki nyingine nyumbani kwa heshima. Wewe unaona mtumbwi ukipandishwa nchi kavu ukaachwa juani mbao zinavyoachana, ingawa hakuna mtu aliyeugusa. Kijana akilala wiki mbili hurudisha nguvu zake baada ya muda mfupi. Mzee hupoteza kwa siku chache kile atakachokitafuta kwa miezi, na wengi hawakipati kamwe kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kinatafutika.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, kwa sababu watu wengi, hata waliosoma, huona miguu ya mzee ikilegea wakasema ni uzee tu, basi. Ni kweli kwamba umri una sehemu yake. Kuanzia miaka ya thelathini mwili hupunguza misuli kidogo kidogo, asilimia 3 hadi 8 kila baada ya miaka 10, na ukishavuka 60 kasi inaongezeka. Nguvu hupungua kwa haraka zaidi kuliko unene wa misuli yenyewe, ndiyo maana unaweza kumwona mzee ana mapaja makubwa na bado hawezi kuinuka kwenye kiti. Zinazotangulia kupotea ni nyuzi za kasi, zile zinazotuokoa tukijikwaa. Ukikanyaga jiwe linaloteleza, unayo sehemu ndogo sana ya sekunde ya kupeleka mguu wa pili mbele ukajizuia. Mzee anajua kabisa afanye nini, ila mguu unachelewa. Kupungua huku kwa misuli madaktari wanakuita sakopenia, jina lililotolewa na Mmarekani Irwin Rosenberg mwaka 1989, na leo kunahesabiwa kuwa ugonjwa unaopimwa na kushughulikiwa. Sehemu ya umri hatuiwezi. Lakini sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee ni kukaa, na kukaa tunakuweza.

Bibi yako hakupewa miguu yake kwa bahati. Alikulia upande wa Magu, kwenye mashamba ya pamba, enzi watu wakilima kwa vikundi, ngoma ikipigwa pembeni na majembe yakipanda na kushuka kwa pamoja. Ngoma hiyo, bugobogobo, ambayo wewe uliiona kwenye makumbusho ya Bujora kama onyesho la watalii, yeye aliicheza shambani ikiwa kazi. Alipoolewa akaja huku Igogo, kwenye nyumba iliyobandikwa juu ya mawe, na kabla bomba halijafika alipandisha maji kwa ndoo kichwani, ngazi baada ya ngazi. Halafu miaka yote ile ya biashara ya dagaa, kutoka Kirumba Mwaloni na beseni lake. Unajua kwamba wako wanasayansi waliowahi kupima jambo hili? Mwaka 1986 jarida la Nature lilitoa kazi ya G. M. O. Maloiy na wenzake waliowapima wanawake wa Kikuyu na wa Kijaluo, hawa wa pili wakiwa jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa hili hili. Wakakuta kwamba mwanamke aliyezoea kubeba anaweza kutwikwa mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake akatembea bila kutumia nishati zaidi ya anayotumia akiwa mikono mitupu. Mwili uliofunzwa tangu utotoni unajifunza mambo ambayo hata wenye maabara wanashangaa.

Na wala si lazima tuvuke ziwa. Ukitoka kwetu ukaenda mashariki, ukapita Serengeti, unafika Ziwa Eyasi kwa Wahadza. Kristen Hawkes na wenzake waliandika mwaka 1989 kuhusu bibi wa Kihadza, wanawake waliokwisha kuzaa zamani, ambao bado wanachimba mizizi kwenye udongo mgumu kwa saa nyingi kuliko binti zao, na wajukuu wanashiba kwa jasho hilo. Miaka ya karibuni, 2020, watafiti wengine wakaonyesha kwamba Wahadza nao wanapumzika, tena karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mjini. Tofauti ni kwamba mara nyingi wanapumzika wakiwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, hivyo misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo hata wakati wa mapumziko.

Nilipoyasoma hayo niliangalia nyumba yetu. Bibi alikuwa anakaa kwenye kigoda akichambua dagaa, anaketi mkekani, anaenda choo cha kuchuchumaa, anainama kupuliza jiko. Hakuna aliyeyaita mazoezi, lakini kwa siku moja alikuwa anashuka na kuinuka mara nyingi kuliko wewe kwa wiki. Kisha tukaleta jiko la gesi la mezani, tukajenga choo cha kukaa, na wewe ukaleta lile sofa zuri. Sikatai maendeleo, choo cha kukaa ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye maumivu ya nyonga. Lakini lile sofa, mwanangu, limedidimia kiasi kwamba magoti yanakuwa juu kuliko makalio, na akishazama mle hatoki bila kuvutwa mkono. Nimelihamishia chumba cha wageni. Hata daraja la Kigongo na Busisi, ambalo sote tulilishangilia lilipofunguliwa Juni 2025, kwa wazee lina upande wake: zamani ukienda Sengerema ulishuka kwenye basi, ukatembea kuingia kivukoni, ukasimama, ukatembea tena kutoka. Sasa bibi anatoka Mwanza hadi kwa mdogo wake bila kunyanyuka kwenye siti. Siombi kivuko kirudi. Nasema tu kwamba maisha yanazidi kutuondolea hatua, na mzee ndiye anayeumia kwanza.

Sasa utaniuliza: kwa miaka 81, je, si tumechelewa? Swali hilo lina jibu, na ni jibu ninalolipenda kuliko yote niliyokutana nayo katika kazi yangu. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya Boston, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Walichukua watu 10 tu, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Wengi wao walikuwa na magonjwa yao, baridi yabisi, moyo, presha, na kuanguka ilikuwa kawaida yao. Wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nazungumzia uzito wa kweli, unaomfanya mtu akaze meno, sio kupunga mikono ukiwa umeketi. Wiki 8 zilipokwisha, nguvu za mapaja zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174, maana yake karibu mara tatu ya walipoanzia. Wawili wakaacha kutembelea fimbo. Walipoacha mazoezi nguvu zikaanza kushuka tena, na hilo nalo ni funzo kwetu.

Watu wakasema labda ni kwa sababu walikuwa wachache. Mwaka 1994 kundi lile lile likarudi na wazee 100, wastani wa miaka 87. Safari hii waliwagawa: wengine mazoezi, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine hakuna. Waliofanya mazoezi kwa wiki 10 nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu, mwendo ukawa wa kasi zaidi, na kupanda ngazi kukawa rahisi. Waliopewa kinywaji bila mazoezi hawakupata nguvu. Hapo usinielewe vibaya, chakula nitakifikia. Ninachotaka ukione ni kwamba hao kwa wastani walikuwa na miaka zaidi ya bibi, na wengi walikuwa dhaifu kuliko yeye, na miili yao bado iliitikia. Misuli haisomi cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo tumeanza. Mtaalamu wa fiziotherapia alituonyesha mazoezi, nami namsimamia bibi. Tunatumia kile kiti cha mbao cha babu yako, kwa sababu ni kigumu na kimenyooka, tumekiegemeza ukutani kisiteleze. Bibi anaketi ukingoni, si ndani kabisa. Anarudisha nyayo nyuma kidogo, chini ya magoti. Anakunja mikono kifuani. Kisha anainamisha kifua mbele mpaka pua ivuke magoti, na hapo ndipo makalio yanapopata ruhusa ya kupanda. Wiki za mwanzo alikuwa hawezi bila kusukuma mapaja kwa viganja. Ungemwona anavyotetemeka, mapaja yale yaliyopandisha maji ya nyumba nzima, ungetamani kumshika kwapani umnyanyue. Nilijizuia. Akishushwa na mtu mwingine au kuinuliwa na mtu mwingine, aliyefanya zoezi ni yule mtu mwingine.

Hesabu alizikataa. Nikisema moja, mbili, tatu, ananiambia mimi si mtoto wa chekechea. Siku moja akiwa amechoka akaanza mwenyewe kuimba wimbo wa kulimia, taratibu, na kwenye lile pigo ambalo jembe hupanda, akapanda. Tangu hapo hatuhesabu. Anaimba, anainuka kwenye pigo, anaketi kwa kujizuia, polepole, kwa sababu kule kuketi polepole kunajenga nguvu sawa na kuinuka. Watoto wa jirani wanakuja kuitikia. Akifika mara ya nane au ya kumi awe ameanza kuchoka kweli. Akiwa hachoki, namwongezea begi lenye kilo moja ya mahindi alikumbatie kifuani. Baada ya hapo anashika nondo za dirisha na kujiinua kwa vidole vya miguu mashavu ya miguu yakaze, kisha anatembea kando ya ukuta wa jikoni kisigino mbele ya kidole, kujifunza mizani. Tunafanya siku tatu kwa wiki, na kati yake mwili unapumzika na kujijenga. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema hivyo hivyo kwa wazee: mazoezi ya nguvu na mizani angalau siku tatu kwa wiki, juu ya mazoezi ya nguvu ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 au zaidi kwa wiki. Kutembea peke yake ni kuzuri kwa moyo na kwa kichwa, lakini hakutoshi kurudisha misuli ya mapaja. Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea. Zinamtembeza mzee uani jioni zikadhani kazi imekwisha.

Ili usidhani namsifia tu mama yangu, napima. Mtu akiketi na kusimama mara tano bila mikono, akitumia zaidi ya sekunde 15, miguu yake ina upungufu. Bibi alikuwa hawezi hata kukamilisha hizo tano. Sasa anakamilisha, ingawa bado amepita sekunde 15. Kipimo cha pili, nimechora mistari miwili ya chaki barazani, mita 4 kutoka mmoja hadi mwingine. Mwendo wa kawaida, anatakiwa azimalize ndani ya sekunde 5. Anayezidisha hapo ni wa kuangaliwa, kwa maana kasi ya kutembea inasema mengi kuhusu afya ya mzee; mwaka 2011 ilichapishwa hesabu iliyojumuisha wazee zaidi ya 34,000, ikaonyesha kwamba wenye mwendo wa haraka waliishi miaka mingi zaidi. Nami naongeza la hapa kwetu: barabara ya Kenyatta haimsubiri mtu. Mzee asiyeweza kuivuka kabla bodaboda hazijamfikia ameshafungiwa upande wake, hata kama hakuna aliyemfungia. Sokoni haendi, kanisani haendi.

Jumuiya ndogondogo ya kanisani sasa inakuja kusali hapa nyumbani kila wiki kwa sababu ya bibi. Nimewaomba waache. Wazunguke kama zamani, na bibi tutamshusha hadi nyumba ya pili, halafu ya tatu.

Woga ndio mtihani mkubwa zaidi ya misuli. Baada ya kuteleza pale mlango wa bafuni, bila kuumia, alianza kutembea kwa kuburuza nyayo, macho chini, mikono ikitafuta ukuta. Anayeogopa kuanguka hupunguza hatua, akipunguza hatua hudhoofika, akidhoofika huanguka kweli. Nami sibezi woga wake. Duniani watu wanaokadiriwa 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao ni wa nchi kama yetu. Wodini nimewauguza waliovunjika nyonga. Unamkuta mzee mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, na maumivu yako kinenani. Kinachomwua mara nyingi ni ile miezi ya kulala: nimonia, vidonda vya mgongoni, damu kuganda. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema mwache atembee tu, Mungu atamlinda. Nyumba lazima isaidie.

Kandambili zake nimezitupa. Zile za kuburuza zinamfunza kutembea kwa kuburuza, na sakafu ikilowa ni hatari tupu. Anavaa raba nyepesi zenye mkanda wa nyuma. Balbu ya kwenye ushoroba wa kwenda chooni inawaka usiku kucha. Vidonge nimevipitia kimoja kimoja na daktari: ile Piriton aliyokuwa anapewa kila usiku ili alale, inamwacha na usingizi na kizunguzungu hata alfajiri, tumeiacha. Ya presha anaendelea nayo, ila akiamka anaketi ukingoni mwa kitanda kwanza, anachezesha nyayo, ndipo asimame. Na ile diklofenaki ya dukani kwa ajili ya magoti, aliyokuwa anaimeza kama karanga, inaharibu tumbo na figo za mzee. Magoti yake yamesagika, ni kweli, lakini goti lililosagika linapata nafuu paja likiwa na nguvu. Yeye mwenyewe sasa analikubali.

Kuhusu chakula, hapa ziwani hatuna sababu ya kukosa. Mzee anahitaji protini nyingi kuliko kijana wa uzito ule ule, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Bibi ana kilo 55, kwa hiyo ni gramu 55 hadi 66. Alikuwa anakula nini? Chai ya rangi na kiazi asubuhi, mchana ugali mdogo na mchuzi, jioni uji. Samaki anawasukumia watoto, kama bibi wote. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa meno hayapo, binti anawakaanga bila mafuta, anawatwanga unga laini, na unga ule unaingia kwenye uji na kwenye mlenda. Yai asubuhi, mtindi glasi moja jioni, karanga za kusaga kwenye mboga. Figo zake tulizipima kwanza, maana mwenye ugonjwa wa figo lazima amsikilize daktari kabla ya kuongeza. Na jua la asubuhi barazani, mikono wazi, si ndani gizani.

Umeona nimesema binti. Nimemchukua, usijali, anaitwa msaidizi wa bibi na si mbadala wa bibi. Anabeba maji, anafua mablanketi. Kuchambua dagaa, kupeta mchele, kumwagilia sukuma wiki kwa kopo na kwenda kumwita jirani ni kazi za bibi, na binti ameonywa asizichukue hata akiona zinachelewa.

Kiti mwendo nacho nisikidharau. Mwenzetu mmoja hapa chini amepooza upande kwa kiharusi, na kwake kile kiti ndicho mlango wa kutokea nje. Kama umeshakilipia, kilete, nitampelekea yeye. Siku bibi atakapokihitaji kweli hatutaona aibu. Vile vile ukisikia mguu mmoja umelegea ghafla, au mdomo umepinda, au ameshindwa kuzuia mkojo kwa siku moja, usikubali mtu akuambie ni uzee. Hiyo ni ya kumkimbiza hospitali saa ile ile.

Na wewe? Mwaka huu umetimiza 43. Asubuhi unaketi kwenye foleni ya kuingia mjini, mchana unaketi ofisini, jioni unaketi kwenye foleni ya kutoka, usiku unaketi mbele ya mpira. Picha uliyonitumia niliiangalia tumbo, kisha nikaangalia mapaja. Akiba ya miguu utakayotumia ukiwa na miaka 80 inawekwa sasa, na ukichelewa utaanza na kidogo. Ofisi yenu iko ghorofa ya tano. Panda kwa ngazi. Nyumbani, baada ya sala ya jioni, chuchumaa na kuinuka mpaka mapaja yawake moto, na watoto wako wafanye nawe. Sikuombi, nakutuma.

Sasa kuhusu pesa uliyotenga. Nimemwita fundi wa kuchomelea aje aone ngazi. Anataka kuweka bomba la duara la kushikilia kutoka barazani hadi njiani, kimo cha nyonga ya bibi, tumemsimamisha ngazini tukampima. Pale kwenye kona, ambapo jiwe limeinama na maji ya mvua hupita, nimemwambia aweke pande zote mbili na akwangue saruji iwe na mikwaruzo, mguu usiteleze. Bomba lipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha juu rangi ya njano, kwa kuwa jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho na njano anaiona. Tarehe ya upasuaji wa jicho tumeshapewa. Gharama yote ya ngazi ni pungufu ya nauli yako na mkeo kuja Krismasi. Anadai nusu kabla hajaanza kukata chuma, na Jumatatu ana kazi nyingine Nyegezi, kwa hiyo nijibu kabla ya Jumamosi.

Shangazi yako